Safu Isiyokubali Kubaki Tupu

Jumamosi asubuhi Barrio Triste, mtaa wa magereji na maduka ya vipuri, hapapitiki. Malori yamepanda vibarazani, mafundi wamelala chini ya injini katikati ya barabara, na ukitaka kuvuka lazima uruke miguu ya mtu. Nyundo zinagonga, dizeli inanuka, arepa za unga wa mahindi zinachomwa kwenye mkaa, na wauza duka wanagombana na wateja bila hata kuwatazama usoni. Hapo ndipo Yurani Cardona aliposimama kwenye kaunta ya duka la vipuri, amezuia foleni nzima, wala hana habari.

Alivaa suruali ya jinzi iliyomkaa vizuri na blauzi ya njano isiyofaa kabisa mahali pale, na begi la kompyuta amelikumbatia kifuani. Kila kitu muuzaji alichoweka mezani aliuliza namba yake ya kiwandani, akaiandika kwenye simu, kisha akaomba kingine.

"Dada," sauti ikasema nyuma yake, "unanunua au unafanya sensa?"

Yurani hakugeuka. "Nafanya sensa. Nikuandike wapi, kwa wenye haraka au kwa wasio na adabu?"

Foleni ikaangua kicheko. Mwenye sauti alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, mashavu yana alama ya grisi, mkononi ameshika pampu ya maji iliyokufa. Jina lake Duván Arboleda.

"Niandike kwa wenye basi lililozimika mlimani, na abiria wanamtukana mama yangu," akasema.

"Wana haki. Huyo mama hakukufundisha kungoja."

"Na wako hakukufundisha kununua!"

Waligombana mpaka muuzaji akampa Duván pampu mpya ili tu amwondoe dukani. Alipopita mlangoni alimgeukia Yurani akamtazama toka viatu mpaka nywele, akatikisa kichwa, akatabasamu. Yurani akamtolea ulimi, mwanamke mzima. Ndivyo walivyoanza, na nasema mapema kwamba hadithi hii inaniudhi. Watu waliopendana kwa raha namna ile hawakuwa na sababu hata moja ya kuumizana walivyoumizana, na waliumizana sote tukitazama.

Jumatatu yake Yurani akaingia gereji ya Don Argemiro. Don Argemiro ndiye mwenye mabasi, mzee wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, mtu asiyekiamini hata kivuli chake. Alikuwa amemwajiri Yurani amtengenezee mfumo wa kompyuta wa kusajili vipuri vyote vya gereji, ili ajue kila kimoja kiko wapi.

"Huyu ni binti atakayeniambia vipuri vyangu vinakwenda wapi," mzee akatangaza uani. "Na huyu ni bwana stoo. Mtafanya kazi pamoja."

Bwana stoo alikuwa Duván.

"Mungu wangu," akasema. "Sensa imenifuata kazini."

"Nimekuja kukuandika rasmi," Yurani akajibu.

Wakafanya kazi bega kwa bega kwenye chumba cha stoo chenye rafu mpaka dari. Katika gereji ile kila kipuri kikubwa hugongwa namba ya basi lake kwa nyundo na patasi, ili kisipotee. Duván alikuwa anasoma namba, Yurani anaingiza. Katikati ya stata na nozeli wakaanza kuchekana, na katikati ya kuchekana wakaanza kunyamaza pamoja, na huko kunyamaza ndiko kulikowamaliza. Ikaja simu ya Duván ya kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Majedwali."

"Nieleze tena hayo majedwali yako. Napenda ukieleza, hata nisiposikiliza."

"Sikiliza basi, kichwa ngumu. Kuna jedwali la mabasi, kuna jedwali la vipuri, na kuna jedwali la watu. Kila kipuri kina namba, na kimefungwa kwenye basi lake. Nikiuliza stata hii ni ya basi gani, jibu linakuja lenyewe. Nikiuliza basi hili lina nini, vinakuja vyote."

"Na mimi nimefungwa kwa nani?"

"Wewe uko jedwali la watu. Bado nakuchunguza."

"Chunguza taratibu. Mimi ni kipuri cha asili, si cha kuiga."

Mama yake Yurani, Doña Rubiela, alikuwa anasikia kicheko cha bintiye toka jikoni, na alikuwa anagonga mfuniko wa sufuria kwa makusudi. Hakuwa na neno na kijana. Alichokuwa nacho ni wivu wa mama aliyezoea kuchekewa yeye.

Sasa Don Argemiro alikuwa na sharti moja. "Kila kipuri kiwe na mtu wa kukamatwa shati kikipotea," alisema. "Sitaki nafasi tupu." Yurani akaongeza safu ya mhusika, akaifunga kwa sheria kwamba haikubali kubaki tupu. Lakini wahusika walikuwa hawajapangwa, vipuri ni maelfu, na mfumo unagoma kupokea mstari usio na jina. Akafanya wanavyofanya wenzake wote wa kazi ile: akaweka jina moja la kujazia, lijiandike lenyewe kila mahali, akajiambia atalibadilisha baadaye. Angeweza kuweka jina lolote, hata la mbwa wa gereji. Aliweka la Duván. Kila mstari ulipoingia aliliona likishuka kwenye skrini, Duván Arboleda, Duván Arboleda, na alikuwa anatabasamu peke yake. Hiyo baadaye haikufika.

Ikaja Julai, na Julai ni mwezi wa Bikira wa Karmeli, mama wa madereva. Siku yake mabasi yote ya mji hupambwa maputo na maua ya karatasi, na kupita barabarani kwa msafara huku honi zinalia mpaka masikio yanauma. Katika gereji ile basi lisilotoka siku hiyo dereva wake huhesabu mwaka mzima umeharibika. Na mabasi mabovu hayakosekani. Kwa hiyo mkesha wa sikukuu madereva huazimana: wa basi zima humpa mwenziwe stata, wa pili humpa wa tatu alteneta, ili kila basi lipate angalau kuzunguka mji mara moja. Baada ya siku chache kila kitu hurudi kwake. Don Argemiro alikwisha kataza jambo hilo tangu basi moja liliposhindwa kusimama mteremkoni kwa breki ya kuazima. Anayeazima anafukuzwa, hakuna maelezo. Basi walikuwa wanaazimana mzee akishakwenda nyumbani, na bwana stoo huwafungulia geti.

Mwaka ule Yurani alipanda basi namba thelathini na moja, kiti cha mbele, karibu na Duván. Alivaa gauni jeupe lenye mistari ya kahawia, rangi za Mama wa Karmeli, na nywele kazifunga utepe. Duván alivaa shati jipya lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Watu wakarusha maua, Doña Rubiela akapiga picha toka kibarazani, na Yurani akalia kidogo kwa furaha, akasingizia moshi.

Hesabu ya vipuri ilipangwa mwisho wa mwezi. Lakini Don Argemiro, kwa tabia yake ileile ya kutoamini kivuli, akatokea asubuhi iliyofuata sikukuu na wapwa zake wawili, madereva wengi wakiwa bado wamelala na ulevi wao. Wapwa wakaenda basi kwa basi na mfumo mkononi. Mfumo unasema stata ya namba kumi na mbili iko kwenye namba kumi na mbili, wakafungua boneti, haipo, wakaandika haipo. Wakaendelea hivyo mpaka adhuhuri. Kisha mzee akabonyeza mahali Yurani alipomfundisha, na ikatoka ripoti ya vilivyokosekana, kwa mhusika. Ilikuwa na jina moja tu, limejirudia toka juu mpaka chini.

Duván alitolewa getini mbele ya mafundi wenzake. Don Argemiro alimnyooshea kidole na kumwita mwizi kwa sauti iliyovuka barabara. Hapa Barrio Triste unaweza kuwa mlevi, mzinzi, mdeni, ukapata kazi kesho yake. Ukiitwa mwizi wa vipuri, umekwisha. Hakuna duka litakalokuruhusu uvuke kaunta tena maishani mwako.

Yurani alipigiwa simu na mzee mwenyewe.

"Binti, mfumo wako ni dhahabu. Umemkamata siku ya kwanza."

"Umemkamata nani?"

"Huyo bwana stoo. Kila kilichopotea ni chake."

Hapo alipaswa kusema. Maneno yenyewe hayakuwa mengi: jina lile ni la kujazia, niliandika mimi, halina maana yoyote. Lakini alifikiria wateja wengine wakisikia kwamba mifumo yake inataja watu ovyo, akafikiria miaka aliyosoma jioni huku mchana akifanya kazi, na akajiambia kwamba vipuri kweli havipo, labda kuna jambo hajui. "Nitaangalia, Don Argemiro," akasema. Namkasirikia kwa hilo kuliko yote.

Duván alifika Manrique, mtaa wa mlimani kwa akina Yurani, kabla jua halijashuka, na ovaroli yake ileile. Alipiga mlango kwa kiganja.

"Yurani! Toka!"

Alitoka. Majirani nao wakatoka.

"Ni wewe uliyeandika jina langu?"

"Duván, ingia ndani tuongee."

"Sitaki ndani. Waliponiita mwizi hawakuniita ndani. Ni wewe?"

Naye, badala ya kujibu, akauliza swali baya kuliko yote aliyowahi kuuliza maishani mwake. "Vipuri viko wapi, Duván?"

Kijana alirudi nyuma hatua. "Unaniuliza *wewe*? Wewe uliyekaa kiti cha mbele?"

"Kiti gani? Unasema nini?"

"Endelea kujifanya! Tajiri amekulipa vizuri. Nilidhani nina mchumba, kumbe nina mpelelezi mwenye utepe kichwani."

"Usinitukane mlangoni kwa mama yangu!"

"Mama yako ajue amezaa nini."

"Na wako amezaa nini? Mtu anaulizwa swali moja jepesi anashindwa kujibu! Kama huna cha kuficha, sema!"

Hakusema. Akisema, madereva karibu wote wanafukuzwa, na kati yao kuna Gildardo, mzee wa namba kumi na mbili, aliyebakiza miezi tu apate kiinua mgongo. Na moyoni aliamini Yurani anajua kila kitu, kwa sababu alipanda basi ambalo Yurani mwenyewe alikwisha kuliandika kuwa halina stata. Unawezaje kupanda basi bovu, likatembea, usijue? Akashuka ngazi bila kugeuka. Yurani akafunga mlango kwa kishindo, picha ya Moyo Mtakatifu ikaanguka ukutani.

Wiki ile hawakupigiana simu. Madereva, kwa hofu, wakarudisha kila walichoazima mahali pake, kimyakimya, mmoja baada ya mwingine. Walidhani wanamsaidia. Don Argemiro alipoona vipuri vimerudi akacheka kwa pua. "Ameshtuka, ana wenziwe humu ndani wanamrudishia," akasema. "Jumatatu nakwenda kwa mwendesha mashtaka. Nataka afungwe." Hata mmoja kati yao hakufungua mdomo. Watu wazima, wenye masharubu, wanaomwimbia Bikira kwa machozi!

Jumapili mchana Doña Rubiela alipika maharage na nyama ya nguruwe, na Yurani hakugusa.

"Kula."

"Sina njaa, mama."

"Una kiburi, si kwamba huna njaa. Kiburi hakishibishi. Hebu nitazamie hii picha, nataka kuichapisha, lakini sijui nikate wapi. Huyu mtu wako nimtoe?"

Akamsukumia simu. Ndiyo picha ya msafara: maputo, maua ya karatasi, Yurani na utepe wake amefungua mdomo kwa kicheko, Duván anamtazama yeye badala ya kutazama kamera. Na juu ya kioo, kwa rangi nyekundu, namba thelathini na moja.

"Hili basi," mama akaendelea, "si ndilo ulilokuwa unalalamika kwenye simu kwamba halina stata tangu Pasaka? Mbona lilitembea? Lilisukumwa na malaika?"

Yurani alitazama. Alitazama mpaka mama yake akaanza kuogopa. Kisha akapiga meza kwa ngumi, maharage yakaruka.

"Mimi ni mpumbavu! Mama, mimi ni mpumbavu mkubwa!"

"Hilo nilijua. Kwa nini leo?"

Yurani alikuwa amekwisha kufungua kompyuta kati ya sahani. Aliona yote kwa mara moja. Katika mfumo wake kipuri kina basi moja tu, milele. Hakukuwa na mahali popote pa kuandika kwamba kimetoka hapa kikaenda pale, na nani kakitoa, na nani kakipokea. Kipuri kilichohama na kipuri kilichoibwa vilionekana sawasawa. Na yeye alikuwa mtoto wa mji huu, aliyezaliwa katika honi za Karmeli, aliyesikia tangu utotoni kwamba siku hiyo hakuna basi linalobaki gereji. Hakujiuliza hata mara moja yanatokaje. Alikuwa amepanda juu ya vipuri vilivyopotea, anapunga mkono.

Akapiga simu. Ililia mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Unataka nini?" Duván akasema.

"Kwa nini hukuniambia mliazimana?"

"Unanichezea? Ulipanda!"

"Nilipanda, ndiyo!"

"Thelathini na moja! Uliiandika mwenyewe haina stata! Ulikaa mbele, ulisikia injini inaunguruma, ukaniambia leo ni siku nzuri!"

"Nilikuwa nakutazama wewe!" Yurani alipiga kelele mpaka Doña Rubiela akaacha kuosha vyombo. "Nilikuwa nakutazama wewe, Duván, sikutazama injini! Ungenipandisha kwenye jeneza nisingejua!"



"Na jina langu?" Duván akauliza, sasa kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Hilo nalo hukulitazama?"

"Hilo niliandika mimi. Nitakuja kulisema mahali panapostahili. Kesho, uwe gerejini."

"Nimefukuzwa, umesahau?"

"Simama barabarani basi. Nitasema kwa sauti utasikia."

Alikaa mezani mchana wote. Akatengeneza jedwali jipya, la kuhama: kipuri gani, kutoka basi gani, kwenda basi gani, siku gani, aliyetoa, aliyepokea. Likafungamana na yale ya mwanzo kwa namba. Na ile safu ya mhusika akaivunja sheria yake. Ikakubali kubaki tupu, na jina la Duván likafutika kwenye maelfu ya mistari. Lakini jedwali la kuhama lenyewe halikuwa na mstari hata mmoja. Mistari ilikuwa midomoni mwa madereva.

Jumatatu akaingia uani wakati wa kahawa, amevaa blauzi ile ya njano, macho mekundu. Don Argemiro alikuwa ameshika funguo za gari, tayari kwenda kwa mwendesha mashtaka. Ng'ambo ya barabara, mikono kifuani, alisimama Duván.

Yurani aliweka kompyuta juu ya pipa la oili. "Nina maneno, na nataka kila mtu asikie," akasema. "Don Argemiro, mfumo wangu una kosa. Vipuri havikuibwa. Vilihama."

"Vilihama kwa miguu?"

"Kwa mikono. Na wenye mikono wako hapa, wanakunywa kahawa." Akawageukia madereva. "Nani aliitembeza thelathini na moja? Ilitembea na stata ya nani?"

Mmoja akakoroga kikombe kisicho na sukari.

Ndipo Yurani akalipuka. "Mnaona raha, ee? Mmempamba Bikira maua, mmemlilia, mmembusu miguu, halafu mtu aliyewafungulia geti mnaacha afungwe! Angetaja jina moja tu la mmoja wenu angelala kwake leo bila wasiwasi. Hakutaja. Hata mimi alikataa kuniambia, na nilimtukana. Nyinyi mna haya kweli? Mwakani mtamtazamaje huyo Mama usoni?"

"Binti, inatosha," Don Argemiro akasema.

"Haitoshi!"

Mzee Gildardo akaweka kikombe chini. "Stata ni yangu," akasema. "Ya kumi na mbili. Nilimpa wa thelathini na moja. Andika, mwanangu. Nimechoka kulala na jambo hili."

Yurani akaandika. Halafu wa thelathini na moja akasema yeye alipokea. Wa nane akataja alteneta. Baada ya hapo wakaanza kusema wote kwa pamoja, mpaka Yurani akawaambia wapange foleni, na mistari ikaingia mmoja baada ya mwingine, na kila kilichokosekana asubuhi ile ya hesabu kikapata kilikokuwa. Don Argemiro alisimama nyuma yake akisoma, masikio yanaiva kwa hasira.

"Mmekiuka amri yangu wote," akasema.

"Tufukuze wote basi," Gildardo akamwambia. "Abiria utawabeba mgongoni."

Don Argemiro akatafuna mdomo. Alijua hesabu ya madereva wake bila kompyuta. "Na jina la yule?" akamgeukia Yurani. "Ripoti ilisema Duván, Duván, Duván. Jina halikuingia lenyewe."

"Niliingiza mimi. Ulitaka nafasi isibaki tupu. Nikajaza."

"Kwa nini lake?"

Alitazama ng'ambo ya barabara. "Kwa sababu nampenda," akasema, kwa sauti aliyoahidi. "Ndilo jina lililokuwa mkononi mwangu. Nilikuwa napenda kuliona. Na uliponipigia simu nilijua si kweli, nikanyamaza, nikaogopa kazi yangu. Hilo ndilo kosa. Kompyuta haina kosa lolote."

Madereva wakapiga miluzi. Gildardo akavua kofia. Don Argemiro, nimpe haki yake hapo, alivuka barabara mwenyewe, akamwambia Duván mbele ya watu kwamba alikosea, kazi yake ipo, na neno mwizi analirudisha. Duván akamwambia atafikiria. Kisha akageuka akaondoka zake, hakumtazama Yurani hata kidogo.

Yurani alimkimbilia, begi linampiga ubavuni, akiruka miguu ya mafundi. Akamkuta kwenye kona ya arepa.

"Duván. Sema kitu."

"Umenipenda mpaka ukaniandika mwizi," akasema. "Nimefikiria sana. Sijawahi kusikia mapenzi ya namna hiyo."

"Najua."

"Mama yangu hakutoka nje wiki nzima. Watoto wa mtaa walinizomea. Halafu wewe unauliza vipuri viko wapi."

"Najua. Nitakwenda kwa mama yako, nitasema mlangoni, majirani wasikie. Nisamehe."

"Nina hasira, Yurani. Nina hasira mpaka meno yanauma."

"Na mimi ninayo! Ulidhani mimi ni mpelelezi! Miezi yote ile, ukadhani hivyo kwa siku moja!"

Mwenye arepa akajifanya anapepea mkaa. Wale wawili wakasimama wanahema, kila mmoja anamtazama mwenziwe kama anayetaka kumpiga.

"Siku nyingine," Duván akasema mwishowe, "ukitaka kuandika jina langu mahali, niulize kwanza."

"Nakuuliza sasa."

"Wapi?"

"Kwa msajili wa ndoa. Kuna karatasi ya kujaza. Ina nafasi ya jina la bwana harusi."

Duván akafumba macho, akayafumbua. "Na nisipokuja? Utajaza la nani?"

"Nitaiacha tupu," Yurani akasema. "Itabaki tupu mpaka uje uandike mwenyewe. Hata usipokuja."

Duván akaagiza arepa moja, akaikata katikati, akampa nusu iliyo kubwa, na mkono wake ulipogusa wa mwenziwe hakuutoa.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Najua."

"Nitakasirika mpaka Desemba."

"Basi njoo ukasirikie kwetu. Mama amepika, tangu jana sijala."

Wakapanda mlima wa Manrique kwa miguu, wakigombana njia nzima.